Ameacha, Hajafika



Ipo sentensi moja inayosemwa sana katika mji wetu wa Tabora, misikitini, makanisani, ofisini na kwenye vijiwe vya kahawa: "Fulani ameacha." Husemwa kwa furaha, na furaha hiyo ni halali. Aliyekuwa akilala mtaroni kwa gongo sasa anaonekana amevaa shati lililopigwa pasi. Aliyeng'oa bati za nyumba yake mwenyewe ili apate fedha ya unga sasa anawasalimia majirani kwa majina. Kisha, baada ya sentensi hiyo, hufuata ukimya. Hakuna anayeuliza usiku analalaje, anadaiwa na nani, anaogopa nini, au kwa nini anafoka ovyo mbele ya watoto. Jamii imekwisha kulifunga jalada lake.

Nasema kwamba ukimya huo unaua. Tumejenga utaratibu mzima, wa serikali na wa dini, wa familia na wa mashirika, unaoupima uraibu kwa swali moja tu: anatumia au hatumii? Akitumia ni mpotevu. Asipotumia ni mzima. Kati ya hali hizo mbili hatukuacha nafasi yoyote, na humo katikati ndimo ndugu zetu wanamoangamia.

Mwili hutangulia, nafsi hufuata kwa mguu

Tuanze na yale yanayofahamika. Mtu aliyezoea heroini akikatiza ghafla, hupatwa na kile ambacho vijana wa mitaani wamekiita arosto: jasho, kuhara, mifupa kuuma, macho na pua kutoka maji. Arosto hufikia kilele ndani ya siku chache za mwanzo, na kwa kawaida sehemu kubwa ya mateso hayo hupita katika muda wa wiki moja hivi. Pombe nayo ina arosto yake, tena yenye hatari zaidi. Mnywaji mkubwa anayekatiza bila uangalizi wa daktari anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Ndiyo maana nawasihi wanaoniandikia kuhusu baba zao na waume zao: msimfungie mlevi chumbani mkidhani mnamtibu. Mpelekeni hospitali.

Lakini hayo yote ni sura ya kwanza tu. Ikishaisha, huanza sura nyingine isiyo na jina mtaani. Usingizi hukatikakatika kwa miezi. Furaha hupotea, chakula hakina ladha, mpira hauchangamshi, mke akicheka hajui anacheka nini. Hasira hupanda kwa jambo dogo. Kumbukumbu huteleza, umakini hupungua, na uchu hurudi pasipo taarifa, ukichochewa na harufu, na wimbo, na njia fulani ya kurudia nyumbani, au na tarehe ya mshahara. Kwa baadhi ya watu hali hiyo hudumu majuma, kwa wengine miezi mingi, na wapo ambao huwachukua mwaka au zaidi kabla hawajajiona wametulia.

Sababu yake si siri. Watafiti kama Nora Volkow na George Koob wa Marekani wameeleza kwa miaka mingi jinsi ulevi wa muda mrefu unavyobadilisha mifumo miwili ya ubongo: ule unaotupatia raha na ari ya kutenda, unaotegemea kemikali ya dopamini, na ule unaoshughulikia hofu na msongo. Wa kwanza hudhoofika, wa pili hukaa macho kama mbwa aliyechokozwa. Mtu akiacha, mifumo hiyo hairudi sawa siku hiyohiyo. Hurudi polepole, na muda wote huo mtu huyo anaishi akiwa na raha kidogo na hofu nyingi.

Na hapa pana jambo ambalo watumishi wa umma watalielewa upesi. Hali hii haijapewa namba yake katika vitabu rasmi vya kuainisha magonjwa. Madaktari wanaijua, waraibu wanaijua, lakini haina kisanduku chake kwenye fomu. Katika nchi inayoendeshwa kwa fomu, ugonjwa usio na kisanduku ni sawa na ugonjwa usiokuwapo.

Kazeh haikuwa mwisho wa njia

Sisi wa Tabora tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, kwa sababu historia ya mji wetu imejengwa juu yake. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, mahali wasafiri walipopaita Kazeh, ikiwa imechoka, imepungukiwa watu na imepitia pori, kiu na tozo za watawala wa njiani. Burton na Speke waliingia Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuendelea. Stanley alifika Juni 1871 akakwama hadi Septemba, kwa kuwa vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya magharibi. Hapa mizigo ilishushwa, wapagazi waliotoka pwani walilipwa na kutawanyika, na kirangozi aliyetaka kwenda mbele alipaswa kutafuta watu wapya.

Hakuna kirangozi mwenye akili aliyefika Kazeh akatangaza kwamba ameona ziwa. Njia ya Ujiji ilikuwa bado. Reli ya Kati, ambayo ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, inatupa kipimo kizuri: kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kama kilomita 840, na kutoka Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400 nyingine. Anayeteremka hapa amekwenda mwendo mkubwa, na anastahili maji ya kunywa. Lakini akiambiwa kwamba amefika Kigoma, amedanganywa, na siku atakapogundua kwamba ziwa halionekani, atadhani kosa ni lake.

Hivyo ndivyo tunavyowafanya walioacha. Tunawapokea kwa vigelegele pale ambapo wapagazi wao wa zamani wametawanyika, yaani marafiki wa kilabuni, mazoea ya jioni, na ile dawa yenyewe iliyokuwa ikiwabebea mizigo ya moyo. Kisha tunawaacha na mizigo chini, bila mbebaji hata mmoja mpya, tukiwaambia hongera.

Historia yetu ina somo jingine, ambalo ni chungu zaidi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe huku Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922, karibu miaka 50 baadaye, na hata baada ya hapo watu waliendelea kuitana na kuoana, au kukataa kuoana, kwa kukumbuka nani alitoka wapi. Sifananishi maumivu ya mtumwa na ya mlevi. Kila moja lina uzito wake. Ninachofananisha ni kosa la fikra. Tunaamini kwamba siku jambo linapokoma ndiyo siku athari zake zinapoisha. Mji uliojengwa juu ya njia ya misafara haukupaswa kuamini hivyo.

Biashara ya ushuhuda

Sasa niseme litakaloniudhia marafiki. Wapo viongozi wa dini, wapo wakurugenzi wa mashirika, na wapo wanasiasa, ambao wamemgeuza mtu aliyeacha kuwa kielelezo cha maonyesho. Ana wiki sita tangu aache, anapandishwa jukwaani, anapewa kipaza sauti, anaambiwa asimulie jinsi alivyoiba, alivyolala, alivyojisaidia. Watu wanalia, sadaka inatolewa, picha zinapigwa kwa ajili ya ripoti ya mfadhili. Kesho yake kijana huyo amerudi chumbani peke yake, akiwa amewaambia watu mia tatu siri ambazo hakuwa na nguvu ya kuzibeba, na sasa kila anayemwona sokoni anamjua kwa aibu yake.

Ubaya wa maonyesho hayo haupo katika kusema ukweli. Ubaya upo katika hadithi inayolazimishwa. Ushuhuda unadai mwisho mwema: nilikuwa gizani, sasa nipo nuruni. Msimuliaji hapewi ruhusa ya kusema, "Nimeacha, na bado kila usiku natamani kufa." Akisema hivyo ataharibu mkutano. Kwa hiyo anajifunza kudanganya upya, safari hii kwa ajili ya wema, na udongo alioutumia kujenga ulevi wake, yaani uongo na kuficha, ndio huohuo anaojengea uzima wake. Atakapoteleza, hatakuwa na mlango wa kurudia, kwa maana waliompigia makofi watajiona wametapeliwa.

Na mwanamke aliyeacha? Huyo hata ushuhuda hapewi. Mwanamume aliyeacha pombe huitwa mwana mpotevu aliyerejea; mwanamke aliyeacha huulizwa kwa sauti ya chini ni wanaume wangapi walimpitia. Kwa hiyo wengi wao huacha kwa siri, huteseka kwa siri na hurudia kwa siri. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema. Wangeongeza kwamba mara nyingi tunaolazimisha maradhi yafichwe ni sisi.

Utani unaokosa kiasi

Wanyamwezi tunajivunia utani, na tuna haki. Utani uliwaunganisha watu wa makabila mengi waliokutana njiani kati ya pwani na maziwa. Ulituwezesha kuchokozana misibani bila kugombana. Lakini utani una adabu yake, na adabu hiyo imesahaulika. Mtu aliyeacha akiingia msibani au harusini, mtani wake humwekea kata ya wanzuki mbele, akisema, "Leo umekuwa shekhe?" Watu hucheka. Naye hucheka. Kicheko hicho kimegharimu nguvu ambayo mtani haioni.

Wapo pia wanaotumia methali kama rungu: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wanaisema mbele yake, wakimaanisha kwamba subirini, mtamwona kilabuni kabla ya mwezi kwisha. Nawauliza wenye methali hiyo: mgonjwa wa shinikizo la damu anapoacha vidonge akalazwa tena, mnamwimbia methali gani? Mwaka 2000 A. Thomas McLellan na wenzake, katika jarida la madaktari wa Marekani, walionyesha kwamba kiasi cha asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu wa dawa hurudia, na kwamba kiwango hicho hakitofautiani sana na cha wagonjwa wa shinikizo la damu na pumu wanaorudiwa na dalili. Tofauti ni kwamba mwenye pumu akibanwa tena tunampeleka hospitali, na mraibu akiteleza tunakumbushana methali.

"Afadhali alipokuwa analewa"

Niliwahi kuketi katika kikao cha nidhamu cha taasisi moja ambayo sitaitaja. Mbele yetu alikuwa mtumishi aliyeacha pombe miezi saba kabla. Makosa yake yaliorodheshwa: amefokeana na mkuu wa kitengo, amesahau kuwasilisha nyaraka, amechelewa kazini mara kadhaa, haongei na wenzake. Mjumbe mmoja, mtu mwema kabisa, akasema sentensi ambayo nimeisikia pia kwa wake na kwa watoto wa watu wengi: "Afadhali alipokuwa analewa, angalau alikuwa mcheshi."

Niliomba iandikwe katika muhtasari kwamba dalili hizo zinajulikana, kwamba mtu huyu anahitaji mnasihi na si barua. Nikajibiwa kwamba kanuni zinashughulikia mwenendo, hazishughulikii hisia. Barua ya onyo ilitoka. Wiki ya tatu baada ya barua, alionekana kilabuni, na mjumbe yuleyule akatikisa kichwa akasema kwamba alijua.

Sentensi ile ya "afadhali alipokuwa analewa" inastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kuna usemi wa zamani kuhusu mtu aliyeacha chupa lakini akabaki na tabia zote za mlevi: ubabe, kinyongo, kujihurumia, kulaumu kila mtu. Tunaweza kumwita mlevi mkavu. Pombe imetoka, lakini namna aliyojifunza kuishi kwa miaka kumi na mitano imebaki ilivyokuwa. Alipoudhika alikunywa, sasa anaudhika na hana la kufanya. Alipoogopa alikunywa, sasa anaogopa mchana kutwa. Kama alianza kunywa akiwa na miaka 17, kuna uwezekano mkubwa kwamba hajawahi kujifunza kuvumilia huzuni akiwa na akili timamu. Tunamtaka awe mtu mzima katika jambo ambalo bado ni mwanafunzi.

Hapo ndipo panapohitajika mafunzo, subira na uangalizi. Barua ya onyo haimfundishi mtu kuvumilia huzuni.

Serikali na mizani yake

Sitakuwa mnyimi wa shukrani. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 ilikuwa hatua ya ujasiri, na huduma hiyo imeendelea kusambazwa katika mikoa mingine. Methadoni humpa mraibu wa heroini utulivu wa kila siku, hupunguza vifo na humwezesha kupanga maisha. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda mamlaka yenye meno. Nyumba za upataji nafuu, ambazo Zanzibar ilizizoea mapema kuliko sehemu nyingi za Bara, zimewarudisha watu wengi kwenye familia zao.

Lakini methadoni hutibu uraibu wa afyuni na jamii yake. Haimtibu mlevi wa gongo. Na hapa kwetu, kutoka Urambo hadi Sikonge, janga lenye watu wengi zaidi ni pombe. Sheria ya dawa za kulevya haimhusu mlevi huyo. Yeye ni mlipakodi, kama chupa yake ina stempu. Na kama haina, ni mtuhumiwa. Katika hali zote mbili si mgonjwa.

Kumbukeni Machi 1, 2017, siku katazo la viroba lilipoanza kutumika. Niliunga mkono katazo lile, na ningeliunga mkono tena. Lakini mjadala wote ulihusu shehena zilizobaki ghalani, viwanda, ajira na mapato. Mnywaji aliyeamka asubuhi hiyo mikono ikitetemeka hakuwa ajenda. Aliachiwa achague mwenyewe kati ya gongo na arosto. Kuondoa kilevi bila kumwandalia njia mlevi ni kufanya nusu ya kazi.

Kisha litazameni suala la tumbaku, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa mkoa huu. Mkulima wa Kaliua au Uyui huishi kwa mkopo wa pembejeo karibu mwaka mzima, na fedha yake humjia kwa mkupuo baada ya masoko. Chukulieni mkulima aliyeacha pombe wakati wa masika, wakati hana hata shilingi. Ameishi miezi kadhaa bila jaribu kubwa, kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Kiangazi malipo yanaingia siku moja, na wenye vilabu wanajua tarehe hiyo kuliko mkewe. Chama cha msingi cha ushirika kina daftari lenye jina lake, kilo zake na deni lake. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mahali hapohapo, siku hiyohiyo, mnasihi mmoja mwenye meza na kiti angeweza kuokoa nyumba kadhaa.

Wapo wanaodhani mazingira si kitu, kwamba mwenye nia ataacha popote. Wasome habari za askari wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Lee Robins aliwafuatilia, na akakuta kwamba kati ya wale waliokuwa waraibu wa heroini kule vitani, ni kiasi cha asilimia 5 tu waliorudi kwenye uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Walikuwa wameiacha Vietnam, na pamoja nayo waliacha hofu, wauzaji na wenzao wa kuvuta. Sisi tunamtoa mtu kwenye kituo cha matibabu na kumrudisha kwenye chumba kilekile, nyuma ya kilabu kilekile, na madeni yaleyale, halafu tunashangaa.

Na gharama ya mshangao wetu ni uhai. Mtu aliyekaa miezi bila kutumia heroini, mwili wake umepoteza uzoefu wa kuhimili kipimo cha zamani. Akirudia kipimo hicho, anaweza kufa usiku uleule. Utafiti wa mwaka 2007 uliofuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington ulionyesha kwamba katika wiki mbili za mwanzo uraiani hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya watu wengine wa jimbo hilo, na chanzo kikubwa kilikuwa kuzidisha dawa. Mlango wa kutokea gerezani au kituoni ni mahali pa hatari kubwa. Sisi mlangoni pale tunaweka kwaheri tu.

Pingamizi tatu

Najua nitakayoambiwa. La kwanza: alijitakia. Sawa, kwa wengine kuna ukweli huo, nami sitaki kumwondolea mtu yeyote wajibu wake. Aliyempiga mkewe anapaswa kuwajibika, hata kama sasa ameacha. Aliyeuza ng'ombe wa mama yake ana deni. Anayetumia mateso yake ya baada ya kuacha kama ruhusa ya kuwatesa wengine, huyo naye nampinga. Mke haamuriwi kuamini ndani ya wiki mbili kile kilichovunjwa kwa miaka kumi, na mtu aliyeacha anayedai kuaminiwa papo hapo bado anafikiri kilevi. Lakini wajibu unahitaji mtu aliyesimama. Tukimwacha aanguke tena, wajibu huo atautimiza nani?

La pili: mwenye imani huponywa mara moja. Siwezi kubishana na Mungu, wala sijaribu. Nasema tu kwamba Mungu huyohuyo aliwaongoza Wana wa Israeli kutoka Misri kwa usiku mmoja, na jangwani wakakaa miaka 40, wakikumbuka vitunguu vya Misri kwa machozi. Waislamu nao wanajua kwamba katazo la pombe lilishuka kwa hatua. Dini zetu zinaelewa safari kuliko baadhi ya wahubiri wetu.

La tatu, ambalo ndilo wenzangu wa serikalini hulipenda: hakuna bajeti. Hospitali zina upungufu, tuna malaria, tuna wajawazito. Nakubali. Lakini mlevi aliyerudia hulipiwa vilevile; hulipiwa wodini, mahakamani, magerezani, na katika ada ya mtoto aliyeacha shule. Tunailipa bajeti hiyo kila mwaka, isipokuwa tunailipa mwishoni, wakati haiwezi kununua chochote isipokuwa jeneza.

Ninachodai

Nadai kwanza kwamba kuruhusiwa kutoka hospitali au nyumba ya upataji nafuu kuwe mwanzo wa ufuatiliaji wa miaka miwili. Jina likabidhiwe, kwa ridhaa ya mhusika, kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wamwone kila wiki kwa miezi mitatu, kisha kila mwezi. Wamuulize kuhusu usingizi, madeni na hasira. Hayo hayahitaji mashine.

Nadai pili kwamba waajiri, tukianza na serikali, waweke utaratibu wa kurejea kazini kwa mtu aliyeacha: msimamizi anayejua, muda wa kwenda kwa mnasihi, na marufuku ya kumhamishia mbali kama adhabu katika mwaka wa kwanza. Uhamisho humtenga na watu wachache wanaomshikilia.

Nadai tatu kwamba halmashauri zitazame upya nani anayefaidi ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana na wanawake walioacha vina haki ya kuomba kama vingine. Ofisa maendeleo ya jamii anayewakataa kwa sababu ni "mateja" ajue kwamba sheria haikumpa sababu hiyo. Na wanapopewa, wapewe vifaa na mafunzo kabla ya fedha taslimu, kwa sababu niliyoieleza katika habari ya mkulima.

Nadai nne kwamba viongozi wa dini na mashirika wasimpandishe mtu jukwaani kabla ya mwaka mmoja kupita, na wasimpandishe kamwe bila kumpa ruhusa ya kusema kwamba bado ni vigumu.

Kwenu wanafunzi nina ombi dogo. Kumbi zetu za mihadhara hukaa tupu jioni. Kikundi cha watu saba wanaokutana kila Alhamisi, bila hotuba, bila picha, kila mmoja akieleza wiki yake ilivyokuwa, hakigharimu chochote isipokuwa umeme wa saa moja. Kwenu wanaharakati: acheni kuhesabu walioacha mwezi huu, anzeni kuhesabu walio hai na wenye kazi mwaka wa pili. Kwenu watumishi: siku mtakapoletewa jalada la mtu aliyeacha na sasa ana hasira, msitafute kanuni kabla hamjamuuliza analala saa ngapi.

Nawe uliyeacha, unayesoma haya usiku wa manane kwa kuwa usingizi umegoma: hujarukwa na akili, wala hukudanganywa ulipoambiwa kwamba kuna maisha mbele. Hilo unalolisikia ni sehemu ya njia, na wengi wameipita. Usiipite peke yako. Kesho mtafute mtu mmoja umwambie ukweli wote, hata ule usiopendeza mkutanoni. Sisi wengine tulichelewa kukuuliza. Ni zamu yetu sasa kubeba mzigo wetu upande huu wa Tabora.